Kete Nyuma ya Boksi

Soko la Busia lilikuwa limefurika, mikokoteni inasukumana kuelekea mpaka wa Kenya, na Damalie yuko katikati na beseni lake la samaki, mbuta wakubwa wa kwao Majanji, ziwani, gauni la maua ya njano, leso kiunoni, midomo myekundu kama anakwenda harusi. Mara kitu kikaruka, tii, kikazama kwenye mdomo wa samaki.

"Pole, dada. Samaki yako imemeza kete yangu."

Damalie akamkagua kijana kuanzia viatu mpaka nywele. Shati jeupe, pasi kali, mfuko umepasuka.

"Huyu alikufa jana. Anameza vipi?"

"Kwa mchezo wetu hiyo inaruhusiwa."

Damalie akaingiza vidole, akatoa kete ya ajabu yenye pande ishirini. Kijana alikuwa Owori, fundi simu wa Tororo. Akaeleza mchezo pale pale, wateja wanangoja: mmoja anasimulia nchi ya majitu na mazimwi, wenzake wanajifanya mashujaa ndani yake, kete inaamua nani anapiga na nani anapigwa. Damalie akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini Jumapili, baada ya misa, alikuwa Tororo nyuma ya duka la Owori, amekuwa shujaa anaitwa Mama Radi.

Kitabu cha sheria kilikuwa kinene kama tofali, kwa hiyo kila Jumapili waliondoa sheria moja. Edeku, mchezaji mwenzao, alikataa ile ya kupima mizigo. "Shujaa gani anapimwa kama gunia la mahindi?" Ikatoka. Athieno, mwenzao mwingine, akafuta ya kuhesabu mishale. Damalie akaonyesha boksi la viatu ambalo Owori aliweka mbele yake, akirusha kete nyuma ya hilo boksi.

"Na hili litoke."

"Hapana, sweet. Msimulizi anarusha kwa siri."

"Unaficha nini, mpenzi?"

"Uzuri wangu."

Wakacheka. Siku hizo Owori alikuwa anampigia Damalie simu kila jioni. "Mama Radi, umekula?" "Nimekula jitu zima. Wewe je?" "Mimi nakungoja tu." Na Damalie analala anatabasamu peke yake kama mjinga.

Sasa Jumapili moja jitu likamwinulia Mama Radi rungu. Kete ikitoa kumi na tano au zaidi, amekwisha. Owori akarusha, akachungulia.

"Nne! Limekosa!"

Edeku, anafuata karanga, akapiga boksi na kiwiko. Likaanguka. Kete imekaa pale, inawatazama wote: ishirini.

"Banange, jamani," Athieno akanong'ona.

Damalie akamgeukia Owori. "Umesema ngapi?"

Owori akaliokota boksi, akalisimamisha tena, kama bado linaweza kuficha kitu.

"Mara ngapi umenifanyia hivi?"

"Sijui... Nyingi."

Damalie akachukua mkoba, akaondoka na kiatu kimoja hakijafungwa.

Simu ikalia wiki nzima. Mwishowe akapokea.

"Damalie, nilikuwa nakusaidia!"

"Sikiza. Kwetu wauza samaki, mizani inamtazama mteja. Mimi nikiigeuzia upande wangu, hata kama nakuongezea, siku nitakayokupunguza utajua vipi?"

Akahamishia simu sikio la pili.

"Ukiniita mpenzi, Owori, hiyo nayo umeisoma nyuma ya boksi?"

Akakata, akalia juu ya mbuta mpaka mteja akaomba apewe wa upande mwingine.

Siku ya soko, Owori huyo! Lile shati jeupe, mfuko umeshonwa. Boksi la viatu mkononi. Akaliweka chini mbele ya wauza samaki wote, akalikanyaga, kra!

"Hiyo sheria nimeiondoa. Niliogopa. Nikafikiri, Mama Radi akifa, huyu mwanamke atarudi Tororo kufanya nini?" Akatoa kete mfukoni. "Jitu bado limeinua rungu. Turushe hapa."

"Hapa kwa samaki?"

"Hapa kwa macho ya watu."

Kete ikabingirika juu ya kifuniko cha beseni, ikasimama. Kumi na saba.

Wanawake hata hawakuelewa, lakini wakapiga yowe. Owori akawa kijivu. Vidole vyake vilitaka kuigeuza. Akaficha mikono mgongoni.

"Amekufa," akasema. "Mama Radi amekufa."

Damalie akaitazama ile kete. Shujaa wake! Machozi yakaja, na kicheko kikaja nayo, vyote pamoja.

"Basi Jumapili nakuja na shujaa mwingine."

"Unakuja?"

"Si nimesema?"

"Basi na mimi nataka kuja Majanji. Kwa baba yako. Na wazee wangu."

Kisu cha samaki kikamponyoka Damalie, nusura kikate kidole cha mguu. Owori, kwa woga, akanyakua kete. "Ikipita kumi..."

Damalie akaufunika mkono wake kwa kiganja kilichojaa magamba.

"Wewe! Hii hairushiwi kete."

"Kwa hiyo ni ndiyo?"

"Nimekugeuzia uso mzima, Owori. Soma mwenyewe."

Akasoma. Yowe alilopiga, wa upande wa Kenya walidhani mwizi amekamatwa.