Kidole Gumba cha Mama Springi

Mama Springi alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye mlango mpana wa kuingizia viti. Jina hilo alipewa na wateja. Akikalia kochi bovu mara moja tu, alijua springi ipi imekatika. Alifanya kazi na wifi yake, dada wa mumewe, na wawili hao walitaniana tangu kufungua mlango mpaka kuufunga.

"Vuta kitambaa, wifi," wifi alisema asubuhi moja. "Au leo unakibembeleza?"

Kochi lilikuwa limepinduliwa juu ya meza. Kazi ya Mama Springi ilikuwa kubana ukingo wa kitambaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kukivuta mpaka kikaze juu ya mbao, na kukishikilia hapo wakati wifi akipiga misumari midogo. Ni kazi aliyoifanya tangu ujana wake. Akavuta. Maumivu yalimchoma kwenye shina la kidole gumba cha kulia, yakapanda mpaka kiwiko. Kitambaa kikamponyoka.

"Hiki kitambaa kinateleza," alisema.

Wifi alikitazama kitambaa, kisha akamtazama yeye. Hapo Mama Springi akaingiwa na hofu, maana wifi yake kukosa la kusema halikuwa jambo la kawaida.

Kidole kilikuwa kikimsumbua kwa muda mrefu. Kufungua kifuniko cha chupa ilikuwa shida. Kuzungusha ufunguo, shida. Kukamua tambara, ndiyo usiseme. Alikuwa amepaka kila dawa ya kuchua aliyosikia habari zake. Siku moja alikubali hata kuvutwa kidole na mtu aliyedai atakirudisha mahali pake. Kikavimba zaidi.

"Ni uzee tu," alimwambia mumewe, dereva aliyestaafu.

"Gari langu likilia sikusema ni uzee tu," mumewe alijibu. "Nilifungua boneti. Tumwite binti wa nyumba ya pili."

Jirani huyo alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Alipofika, aliomba mkono wa Mama Springi, akabonyeza taratibu kwenye shina la kidole.

"Hapa, mama?"

"Hapo hapo! Mwanangu, mbona umeniotea?"

"Sijaotea. Wengi huumia hapo, hasa kina mama wa umri wako. Mifupa inapokutana hufunikwa na kitu laini kinachoitwa gegedu, ili isisuguane. Gegedu ikilika, mfupa unasugua mfupa."

"Yaani sponji imekwisha, mbao imebaki," alisema wifi.

"Umesema vizuri kuliko mimi, shangazi."

Mama Springi aliuvuta mkono wake kifuani. "Kwa hiyo watakikata kidole changu?"

"Hapana, mama. Hakuna anayekata kidole kwa ajili ya hili. Wala hatuanzi na upasuaji. Kwanza umwone daktari na upigwe picha ya eksirei. Tena usimpe mtu yeyote kidole akivute."

Picha ilithibitisha maneno ya jirani. Daktari alimpa kifaa cha kushikilia kidole kisichezecheze, vidonge vya maumivu, na ushauri wa kubadilisha namna ya kushika vitu. Baadaye alimchoma sindano kwenye kiungo. Mama Springi alipata nafuu, akaanza tena kuimba kazini, na wifi akaanza tena kulalamika juu ya sauti yake. Lakini nafuu haikudumu. Maumivu yalirudi yakiwa makali, na sasa hata kitambaa chepesi hakukiweza. Wifi akawa anavuta na kupigilia peke yake. Makochi yalisongamana mpaka uani.

Daktari akasema wakati wa upasuaji umefika, ikiwa mgonjwa mwenyewe anaridhia.

"Tutatoa mfupa mdogo ulioharibika kwenye shina la kidole," alieleza. "Wakati mwingine tunatumia kipande cha kano yako mwenyewe kukishikilia kidole. Maumivu hupungua kwa watu wengi. Nguvu hurudi polepole, kwa miezi. Siwezi kukuahidi kidole cha ujana wako."

"Na kuvuta kitambaa?"

"Natumaini utavuta. Kuahidi siwezi. Kila upasuaji una hatari zake, na ni haki yako kuzijua." Akazitaja: kidonda kuingia vijidudu, ganzi isiyoisha, kidole kukakamaa.

Mama Springi alirudi nyumbani akiwa mzito. Alikaa katikati ya makochi yasiyo na vitambaa. Bila kazi hii angekuwa nani? Angeitwa Mama nani?

Wifi alikuja akakaa kwenye mkono wa kochi lililokuwa karibu yake. Safari hii hakutania.

"Wifi, mkono ulio nao sasa hauvuti. Unaogopa kupoteza nini?"

Kesho yake Mama Springi alimwambia mumewe watoke mapema, wakamwambie daktari amekubali.

Siku ya upasuaji alichomwa dawa ya ganzi, mkono wote ukafa. Alikuwa macho, lakini hakusikia maumivu. Alirudi nyumbani siku hiyo hiyo, mkono ukiwa ndani ya plasta ngumu. Muuguzi alikuwa amewapa maelekezo: plasta isilowe, mkono uinuliwe juu ya mto, vidole vilivyo nje vikunjwe na kukunjuliwa mara kwa mara. Na wakiona homa, usaha, vidole kubadilika rangi au kufa ganzi upya, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, warudi hospitali bila kungoja.

Walisikiliza yote. Kisha wakafika nyumbani, na upendo ukawasahaulisha nusu.

Mumewe alimlisha kwa kijiko. Wifi alimchana nywele na kumvalisha. Mama Springi aliketi kama malkia, mkono ukiwa umelala mapajani, umefunikwa kwa shuka. Akinyoosha tu mkono wa kushoto, ule mzima, kuchukua kikombe, walikurupuka wote wawili.

"Tulia! Unataka nini? Sema tu!"

Jirani alipopita kumjulia hali, aliliondoa shuka. Vidole vilikuwa vimevimba. Alimwambia avikunje. Havikukunjika hata nusu.

"Nani anamhudumia?" aliuliza.

"Mimi!" alisema mume kwa fahari. "Tangu arudi hajashika hata kijiko."

Jirani alikagua rangi ya vidole na kuuliza kuhusu ganzi na homa. Hakuona hatari. Akavuta kiti akaketi.

"Baba, unampenda, naona. Lakini mkono ukining'inia unavimba, na kidole kisichotembezwa kinakakamaa. Kidole gumba ndicho kimefungwa kipumzike. Hivi vingine vinne havijapewa likizo. Bega nalo lichezeshwe, na kiwiko. Na mkono mzima huu ushike kijiko."

"Kumbe nimekuwa nikimharibu?" Mume alinywea.

"Hujamharibu. Mmechelewa kidogo tu. Tunaanza sasa."

Wakauweka mkono juu ya mto, juu ya usawa wa moyo. Mama Springi akakunja vidole huku amekunja uso. Siku zilivyokwenda uvimbe ulishuka, na vidole vikaanza kufika kiganjani.

Plasta ilipotolewa, alitazama mkono mwembamba wenye kovu na kusema, "Huu si wangu."

"Ni wako," alisema jirani. "Umesahau kazi tu. Tuufundishe."

Sasa alivaa kifaa cha kushikilia kidole, akikivua kwa mazoezi tu. Aligusisha ncha ya kidole gumba kwenye ncha ya kila kidole, kimoja baada ya kingine. Cha mwisho hakukifikia. Baadaye alipewa zoezi la kufunga vifungo vya shati.

Mumewe alikuwa amekaa mbele yake. Kifungo kiliponyoka. Akajaribu tena. Kikaponyoka. Mume akanyoosha mikono kusaidia.

"Baba," alisema jirani, "naomba uikalie mikono yako."

"Niikalie?"

"Kabisa. Kama kochi."

Mzee aliikalia mikono yake. Jasho lilimtoka kana kwamba yeye ndiye anayefunga. Mama Springi aliinama, ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo. Kifungo kikaingia nusu, kikasita, kikapita.

"Ha!" alipiga kelele mume, karibu aanguke kitini.

Kuvuta kitambaa kulisubiri ruhusa ya daktari, na ruhusa ilikuja kidogo kidogo. Kidole kilichoka haraka, na siku za mwanzo kiliuma kwa uchovu, ila si kwa ule mchomo wa zamani. Jirani alikuja karakanani akatazama kila kifaa. Kwa shauri lake, mishikio myembamba ilizungushiwa mpira mpaka ikawa minene, ili isihitaji kubanwa sana. Badala ya kuvuta kwa vidole vitupu, Mama Springi alinunua koleo lenye mdomo mpana la kuvutia kitambaa. Nguvu ikatoka begani. Na akajifunza kupumzika kabla ya kuumia, jambo lililomshinda kuliko mazoezi yote.

Ikafika siku kochi la kitambaa cha maua liliwekwa mezani. Wifi akachukua upande wake, Mama Springi akachukua wake. Alibana ukingo kwa koleo, akavuta. Kitambaa kilikaza. Akakilainisha juu ya mbao kwa kidole gumba, akakishikilia. Wifi akapigilia. Wakaenda hivyo mpaka kona ya mwisho.

Mama Springi akarudi nyuma, akalizunguka kochi. Upande wake maua yalisimama wima. Akafika upande wa wifi, akainamisha kichwa.

"Wifi, haya maua yako yamelewa?"

"Yamelewa nini? Yako sawa hayo!"

"Fumua."

"Lote?"

"Upande mzima. Fumua, nikuvutie mimi."

Wifi alichukua kifaa cha kung'olea misumari, akaanza kufumua huku akicheka.