Dumu Lililojikunja

Kila Jumamosi Vitalia alifua sare yake, akaosha vyombo na kuteka maji kabla shangazi yake, Walburga, hajarudi kutoka shamba la kahawa. Alikuwa darasa la sita. Baba yake alikuwa mvuvi kule Liuli, ziwani, naye Vitalia alisoma kijijini Maguu, milimani, akiishi kwa shangazi.

Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu watu kufanya biashara kwa uhuru, na shangazi alikuwa ameanza kuuza mafuta ya kula. Mama Mwanabibi, mwenye duka mjini Mbinga, alimwazima dumu la bati la lita tano.

"Lioshe vizuri," shangazi alimwagiza Vitalia Jumamosi moja kabla ya kwenda shambani. "Wiki ijayo nalirudisha."

Ulikuwa mwezi wa saba, baridi kali, na mafuta yalikuwa yameganda ndani. Vitalia akatia maji kidogo, akaliweka dumu mekoni mpaka mvuke ukatoka kwa nguvu. Akaliepua, akakaza kifuniko na kuliacha uani kwenye manyunyu. Kisha akaenda mtoni.

Aliporudi, alimkuta shangazi amelishika dumu. Lilikuwa limebonyea pande zote.

"Umelikalia?"

"Hapana, shangazi. Nililiosha tu."

"Bati linajikunja lenyewe?" Shangazi alipaza sauti hata jirani yao, Mama Otilia, akachungulia. "Kuharibu nasamehe. Uongo sitaki! Ikifika Jumatano hujasema kweli, unarudi Liuli kwa baba yako."

Jioni hiyo Vitalia hakula. Edina, binti wa shangazi, alimnong'oneza, "Sema tu ulilikalia, yaishe."

Jumapili, baada ya Misa, Vitalia alimwendea shangazi. "Shangazi, nili..."

"Uli nini?"

Aliiona shule ikimponyoka. Hata hivyo, neno la uongo lilikataa kutoka. "Nililiosha tu," alisema. Shangazi akamgeuzia mgongo.

Jumatatu alimweleza mwalimu wa sayansi, Mwalimu Methodi, huku akilia. Mwalimu alimwuliza swali moja tu: "Ulifunga kifuniko likiwa bado la moto?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mwambie shangazi yako aje kesho."

Kesho yake shangazi alifika shuleni amenuna. Mbele ya darasa, mwalimu alichemsha maji kidogo katika dumu kuukuu la bati lililo wazi, akatumbukiza kipimajoto.

"Upande wa Selsiasi, tisini na tano. Upande wa Farenhaiti, mia mbili na tatu. Joto ni lile lile, vipimo ndivyo viwili. Kule pwani maji yangefika mia moja ndipo yachemke, lakini sisi tuko juu milimani."

Akatoa kipimajoto, akaliepua dumu, akakaza kifuniko, akalimwagia maji baridi. Ko! Ko! Dumu likabonyea, likajikunja mbele ya macho yao. Watoto wakaruka. Shangazi akashika mdomo.

"Mvuke ulifukuza hewa ndani," mwalimu alieleza. "Ulipopoa ukageuka matone, na kanieneo ya ndani, yaani nguvu ya kusukuma, ikapungua. Hewa ya nje ikalibana bati. Gesi ikipoa ndani ya chombo kilichofungwa, hulegea. Ikipata joto, husukuma zaidi. Ndiyo maana msithubutu kuweka mekoni chombo kilichofungwa. Kitapasuka na kuwaunguza."

Shangazi aliondoka na Vitalia. Walipofika nyumbani, alimwita Edina, akamwita na Mama Otilia.

"Jumamosi mlinisikia nikimwita mtoto huyu mwongo," alisema. "Alikuwa akisema kweli. Mimi ndiye niliyekuwa sijui. Vitalia, nisamehe."

Vitalia aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka.

"Kesho nitakwenda mwenyewe kwa Mama Mwanabibi kumweleza," shangazi aliendelea. "Na ninyi mwelewe: jambo usilolijua, liulize kabla hujamhukumu mtu. Nawe mwanangu, ungekubali uongo ili upate amani, leo sote tungebaki gizani."