Mbinya na Shimo la Tatu

Kila alipotoka shuleni, Mbinya alifanya mambo matatu kwa mpango uleule. Alifua soksi zake na kuzianika kwenye kamba, akachochea maharagwe yaliyokuwa motoni, kisha akavuka ua mdogo wa nyumba yao ya Kamenu hadi chumba cha nyuma kuona fuko amefika wapi. Maharagwe yaliungua mara kadhaa kwa ajili ya fuko huyo, lakini hilo tumwachie mama yake asimulie.

Fuko mwenyewe aliishi ndani ya kompyuta ya Shangazi Kavindu. Shangazi, dadake baba, alipanga maua siku nne za juma katika shamba moja nje ya mji, na siku zilizobaki alitengeneza gemu. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka mitatu, peke yake, akichora kila jani kwa mkono. Katika mchezo wake, fuko mdogo mwenye kofia ya kitambaa alisafiri chini ya mashamba ya Theta akimtafuta mamake. Aliruka mashimo na kupanda mizizi, na kila alipopita palibaki na mwanga, ili mchezaji ajue ametoka wapi. Njiani alikutana na fuko mzee aliyeitwa Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya, mwenye chungu cha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, kilichotoa sauti tofauti kila ulipokigonga.

Mwezi huo Shangazi alikuwa na jambo moja tu akilini. Jumamosi ya mwisho, kituo kimoja cha vijana mjini Ruiru kingefanya maonyesho ya gemu ndogondogo. Watoto wangecheza, waamuzi wangetazama, na mtengenezaji mmoja angepewa chumba na vifaa vya kufanyia kazi kwa mwaka mzima. Asipochaguliwa, Shangazi alikuwa amemwahidi kaka yake kwamba ataiweka kompyuta kando na kwenda kupanga maua siku sita kama wenzake.

"Miaka mitatu inatosha," alimwambia Mbinya, akijaribu kucheka. Mbinya hakucheka. Alimpenda Shangazi, na alimpenda fuko, na hakutaka kukiona chumba cha nyuma kikigeuzwa ghala la magunia.

Ili asiende Ruiru akibahatisha, Shangazi aliupeleka mchezo katika chama cha kompyuta cha shule ya Mbinya. Wanachama kumi na tisa wangeucheza kwa majuma mawili, kisha kila mmoja aandike maoni yake: kilichompendeza, kilichomchosha, na mahali alipofika. Mwalimu Nyawira, aliyefundisha Kiswahili na kukisimamia chama hicho, alikubali kuzikusanya karatasi.

Sasa ukweli usemwe. Hakuna aliyeucheza mchezo huo kwa furaha kama Mbinya, lakini pia hakuna aliyesonga polepole kama yeye. Kila zamu yake ilipofika alirudi jikoni kwa Susu kugonga chungu. Siku ya kuandika maoni ilipofika alikuwa hajavuka hata shimo la pili. Ila Mbinya alikuwa bingwa wa insha, na bingwa wa insha hakosi la kuandika. Mwisho wa mchezo aliujua, kwa sababu alimwona Shangazi akiuchora. Basi akajaza ukurasa mbele na nyuma:

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchezo huu unang'aa kama nyota ya alfajiri na kupendeza kama tausi. Niliruka kila shimo bila taabu, guu mosi guu pili, hadi nikafika mwisho. Fuko alipokumbatiwa na mamake, machozi ya furaha yalinitiririka njia mbili mbili."

Mwalimu Nyawira alifurahi mno. Aliisoma karatasi hiyo mbele ya chama kizima, na wanafunzi wakapiga makofi. Wale wengine hawakuwa wajinga. Waliona kinachopigiwa makofi, wakaziinamia karatasi zao. Siku hiyo chama kizima cha kompyuta kililia machozi ya furaha, tena kwa kalamu.

Aliyebaki na macho makavu alikuwa Kui. Kui alikuwa msichana wa maneno machache aliyehamia Kamenu kutoka Mwiki mwaka uliopita, na yeye na Mbinya waliketi dawati moja. Aliandika mistari mitatu tu: "Gemu ni tamu sana. Shimo la tatu haliwezekani. Nimejaribu mara thelathini na nane na sijaona mwisho."

Mbinya alichungulia karatasi hiyo akakasirika. "Kui, kwa nini unamtusi anti yangu?"

"Sijamtusi. Nimesema shimo haliwezekani."

"Wewe ndiye huwezi."

Kui alikunja karatasi yake na kuipeleka mbele. Kesho yake Mbinya alihamia dawati la nyuma, na vipande vya mananasi walivyozoea kugawana wakati wa mapumziko kila mmoja akala vyake.

Jioni ya Jumanne Shangazi alizisoma karatasi zote akiwa amekaa kitandani. Alitabasamu hadi akafuta macho kwa ncha ya leso. Alipofika kwenye ile ya Kui, tabasamu likapungua.

"Huyu anasema shimo la tatu halipitiki," alisema. "Kweli nililipanua kidogo nilipochora maporomoko ya maji. Na mimi nikijaribu mchezo huanzia ng'ambo ya shimo, kuokoa muda. Nilitaka nilifungue nilipime tena. Lakini wewe ulifika mwisho, sivyo?"

Hapo ndipo Mbinya angeweza kusema. Uongo wa kalamu ulikuwa bado haujaingia mdomoni. Alitazama ule uso uliochoka, wenye furaha, akaona aibu kuuharibu.

"Ndiyo, Anti. Nilifika."

"Basi sawa. Mwenzako atazoea." Shangazi akaliacha shimo jinsi lilivyokuwa. Jioni hiyo na ya Jumatano alizitumia kupaka rangi nyota za mwisho wa mchezo. Kisha akachukua karatasi kubwa ya kubandika ukutani huko Ruiru, akaandika juu yake kwa herufi nene: "Machozi ya furaha yalinitiririka njia mbili mbili. Mbinya, miaka kumi na miwili."

"Na Jumamosi," alisema, "wewe ndiye utakayewaonyesha watoto wa Ruiru njia ya kufika mwisho."

Muthokoi wa siku hiyo Mbinya aliuona mchungu. Alhamisi, Shangazi akiwa kazini, aliiwasha kompyuta akacheza kwa mara ya kwanza bila kusimama kwa Susu. Shimo la kwanza alilivuka. La pili lilimtoa jasho, akalivuka. Alipofika la tatu, fuko aliruka, akanyoosha mikono yake mifupi, akaanguka majini. Mbinya alijaribu tena. Alijaribu akikimbia, akajaribu kutoka ukingoni kabisa. Alipofikisha mara ishirini na tano vidole vilimuuma, na fuko alikuwa bado anaanguka palepale.

Ijumaa wakati wa mapumziko alimfuata Kui nyuma ya maktaba, akiwa ameshika mfuko wake wa mananasi.

"Sasa, Kui."

"Poa."

"Lile shimo la tatu. Unalivukaje?"

Kui alimtazama. "Si wewe ulilivuka guu mosi guu pili?"

Mbinya aliinamisha kichwa. Pengine ndiyo sababu Kui alimhurumia. Alitoa daftari kwenye mkoba na kulifungua. Ndani mlikuwa na ramani ya mchezo mzima hadi kwenye shimo: kila njia ya chini ya ardhi, kila mzizi, hata orodha ya sauti kumi na moja za chungu cha Susu. Mbinya alijua tisa tu. Kando ya shimo la tatu Kui alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: fuko anaruka miraba minne, shimo lina miraba mitano.

"Hapapitiki hapo," Kui alisema. "Si kwako, si kwa mtu yeyote. Nilipima. Nilitaka kumwona mamake, ndiyo maana nikaandika."

Mbinya aliangalia zile ramani. Aliyemwita mtusi wa mchezo ndiye aliyeupenda hadi akaupima kwa rula. Akasukuma mfuko wa mananasi katikati yao, na Kui akachukua kipande.

Alasiri hiyo alimkuta Shangazi akikunja ile karatasi kubwa tayari kwa safari ya kesho. Alijua kwamba akikaa chini kwanza hatasema.

"Anti, sikufika mwisho. Sikuvuka hata shimo la pili. Niliandika tu."

 Shangazi alikaa kwenye kompyuta, akauanzisha mchezo kabla ya shimo la tatu, akamrusha fuko. Akaanguka. Akamrusha mara ya pili na ya tatu. Kisha akaondoa mikono kwenye vitufe na kuiweka mapajani.

"Shimo litarekebishika," alisema hatimaye. "Lakini yale machozi, Mbinya. Tangu Jumanne, kila nikichoka kule kwenye maua nilikuwa nayakumbuka."

Mbinya akalia. Safari hii machozi yalitoka kweli, na hayakuwa ya furaha hata kidogo. "Nilidhani nikikusifu ndio nakupenda."

"Kizuri hakikosi ila, mwanangu. Unipendaye ndiye ningetaka uniambie ila hiyo iko wapi, kabla hawajaniambia watu wa Ruiru." Shangazi alivuta pumzi ndefu, akamfuta uso kwa leso ileile. "Inatosha. Huyo Kui anakaa wapi?"

Kui alikuwa akikaa mtaa wa pili. Alikuja na daftari lake na ruhusa ya mama yake ya kurudi kabla ya giza. Shangazi alizikagua zile ramani ukurasa baada ya ukurasa, akitikisa kichwa. Alilipunguza shimo hadi miraba mitatu. Kui akajaribu, akapita mara moja, akakunja uso.

"Sasa ni rahisi sana. Haliogopeshi."

Mbinya alitarajia Shangazi akasirike. Shangazi alicheka, akalirudisha shimo kwenye miraba mitano na kuchora mzizi mwembamba katikati, wa kukanyaga mara moja tu kabla haujakatika. Kui alianguka mara tatu, na mara ya nne akafika ng'ambo. Mbinya alianguka mara tisa, na akazitaja zote tisa bila kupunguza hata moja.

"Mwisho msiuone leo," Shangazi aliwaambia. "Mtauona kesho, pamoja na watu."

Ile karatasi kubwa Mbinya aliigeuza mwenyewe. Upande wa pili, kwa idhini ya mwenye maneno, akaandika: "Gemu ni tamu sana. Shimo la tatu ni gumu, lakini linawezekana. Kui, aliyeanguka mara arobaini na moja."

Jumamosi watoto wa Ruiru waliisoma karatasi hiyo wakacheka, kisha wakapanga foleni. Kila mmoja alitaka kuanguka mara chache kuliko Kui. Walianguka, wakazomeana, wakajaribu tena, na mmoja baada ya mwingine wakavuka. Jioni ilipokaribia, mwamuzi mmoja aliyeitwa Bwana Kagwe alisimama na kusema kwamba gemu nyingine zilikuwa na rangi kali zaidi, lakini ya fuko ndiyo pekee ambayo watoto waliicheza hadi mwisho bila kumwita mtu mzima awasaidie. Chumba cha mwaka mzima kikapewa Kavindu. Shangazi alisimama kupokea ufunguo akiwa ameshika mikono ya wasichana wawili.

Mwalimu Nyawira alikuwa amekuja pia, na Mbinya alikuwa amemweleza yote. Aliwakusanya wanachama waliofika, akawatazama wale waliolia kwa kalamu, nao wakatazama viatu vyao.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Nilipigia makofi mapambo, nanyi mkaniletea mapambo. Tamathali zina mahali pake, na sitaacha kuwafundisha. Lakini mtu akikuomba maoni anakuazima macho yako, aone asichoweza kukiona mwenyewe. Ukimpa sifa za kitu ambacho hukukiona, unamwelekeza shimoni huku unatabasamu. Sema ulichokiona na ulipofika. Ukweli wenye upendo ndio msaada, hata ukiwa wa mistari mitatu."

Watu walipoanza kutawanyika, Mbinya alikaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alimsalimu Susu, akagonga chungu mara moja tu, akaendelea. Alianguka mara mbili kwenye shimo la tatu, akavuka, akapita chini ya zile nyota, hadi fuko alipomwona mamake. Kui alikuwa amesimama begani pake. Nyuma yao alisimama Shangazi, ambaye hakuweza kujizuia kuuliza.

"Haya. Umelia?"

Mbinya alifikiri kwanza. "Hapana, Anti. Nimefurahi sana, hata nimecheka alipodondosha kofia. Lakini pale mamake anapoongea, anaongea mno. Nilichoka kidogo."

Shangazi alivuta kiti, akaketi kati yao na kutoa kalamu nyuma ya sikio.

"Wapi hasa?" aliuliza. "Nionyeshe."