Lebo Mpya za Kisafi

Kila Jumamosi asubuhi Kisafi aliandamana na shangazi yake hadi shule ya sekondari, ambako shangazi alikuwa fundi wa maabara. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani, maana hakukalia dawati kabla ya kulipangusa. Maabarani kazi yake ilikuwa kufagia tu. Kemikali alikatazwa hata kuzikaribia.

"Nimeitwa kwa mwalimu mkuu," shangazi alimwambia siku hiyo. "Ningoje nje, mwanangu. Sawa?"

"Sawa, shangazi."

Lakini hakutoka. Mezani palikuwa na chupa mbili za kioo, zimefanana kama mapacha, lebo zao zimechakaa na kujaa madoa. Madoa yale yalimkera. Akazisugua kwa kitambaa chenye sabuni. Mara wino ukachuruzika, karatasi zikabanduka vipande vipande.

Kisafi akabaki na kitambaa mkononi. Shangazi alishamwambia kuwa chupa moja ina maji na nyingine asidi kali, lakini ipi ni ipi? Alizitazama weee, asione tofauti. Basi akakata karatasi mpya, akaandika MAJI na ASIDI kwa mwandiko wake mzuri, akabandika kwa kukisia.

Shangazi alirudi mbiombio. "Ehe! Nani kang'arisha hivi? Mikono yako ina baraka, kweli!"

Kisafi alitabasamu kwa shida. Alitaka kusema, ila sifa zile zilimfunga mdomo. Na kama angefukuzwa maabarani moja kwa moja?

Shangazi alivaa glavu, lakini miwani ya kinga aliiacha juu ya paji la uso. "Napunguza makali ya asidi kwa ajili ya somo la Jumatatu," alisema. "Maji hutangulia, asidi hufuata kidogo kidogo. Ukifanya kinyume, inachemka papo hapo na kukurukia usoni."

Akamimina kutoka chupa ya MAJI kwenye chombo cha kioo. Kisafi akaona kile kilichomiminwa kikishuka polepole, kizito kama mafuta ya kupikia. Maji hayamiminiki hivyo. Shangazi, mawazo yake bado yako ofisini, akainua chupa ya pili na kuanza kuiinamisha.

"Usimimine!" Kisafi alipiga kelele. "Lebo hizo nimebandika mimi, shangazi! Nilikisia tu!"

Shangazi akaganda. Akaiweka chupa mezani taratibu, akarudi nyuma. Hakumgombeza. Alimvuta hadi bombani, akamkosha mikono kwa maji mengi huku akiikagua kidole kwa kidole.

"Inawasha? Inauma popote? Niambie kweli."

"Haiumi, shangazi."

Ndipo akavaa miwani vizuri, akamwamuru Kisafi asimame mlangoni. Hakunusa kitu. Alichovya kijiti cha kioo kwenye kile chombo, akadondosha tone moja juu ya karatasi ya bluu ya kupimia asidi. Karatasi ikawa nyekundu, kisha ikaungua, ikatoboka. Kisafi akaangua kilio.

Shangazi alipima chupa zote mbili, akaziandika upya na kuzifungia kabatini. Halafu wakaketi nje kwenye ngazi.

"Mimi nami nimekosa," alisema. "Nimekuacha peke yako na chupa zile, tena nimesahau miwani. Nitamweleza mwalimu mkuu mwenyewe. Lakini nisikilize. Ningekuta chupa haina lebo, ningeihesabu kuwa hatari mpaka niipime. Wewe umeipa jina la uongo, nami nikaliamini. Usipojua kilichomo, sema hujui."

"Nisamehe, shangazi. Niliogopa utanifukuza."

"Ningekufukuza, ndiyo. Hasira zikiisha, ningekuita." Shangazi akaushika mkono wake uliolowa. "Ungenyamaza kidogo tu, saa hizi ungekuwa umenishika mkono hivi, unaniongoza nyumbani, na mimi sioni njia."