Mkate Usiofika Nyangamara

Kwaru... kwaru... ko.

Ziada alifumbua macho gizani. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Sauti ilitoka chini ya meza, ukucha ukikwaruza kifuniko cha kopo.

"Nani huyo?"

Mkwaruzo ukakoma. Kisha mtu akameza mate.

"Si mimi, mama."

Ziada akaziba mdomo kwa kanga asicheke. "Siti! Peremende saa hizi? Utaolewa kibogoyo wewe!"

"Sili. Nachambua za bibi."

Idi ilikwishapita wiki mbili. Peremende alizopewa Siti nyumba kwa nyumba, mtaa mzima wa Ndoro, zilikuwa zimeshika unyevu koponi na kugandana na karatasi zake. Mtoto mwingine angezimaliza Idi Pili. Siti, miaka mitano tu, aligoma kuzila tangu aliposikia bibi yake wa Nyangamara anaumwa kifua, na hakimshuki kitu ila kitamu.

Upande wa pili wa kitanda Nassibu akajigeuza. "Mama Siti, huyo hajalala?"

"Anamhangaikia mama yako. Unakwenda leo?"

"Nikishusha mkonge bandarini, nageuza. Nitalala huko siku mbili, kama kawaida."

"Safari hii tuchukue na sisi. Mkwe yuko kitandani tangu Shaabani, mimi sijamtia machoni. Watu wanasemaje huko?"

"Kifua kile, Ziada! Unataka kukileta kwa mtoto?"

Ziada akaketi kitandani, akafunga kanga. Nassibu alikuwa dereva wa lori, mcheshi, na ndiye aliyemruhusu kwenda kisomo cha jioni wakati wanaume wengine waliwafungia wake zao ndani. Kwa hilo peke yake alimwamini kama anavyoamini kuwa kutakucha.

"Basi nitampikia mkate wa kumimina," akasema. "Sukari imekwisha, lakini tuna peremende."

Kulipopambazuka alisaga mchele uliolala majini, akakuna nazi, akakamua tui zito. Siti alibandua karatasi moja moja, ulimi nje kwa kazi. Zilizogandana wakazitwanga kinuni, wakaziyeyusha kwenye tui na iliki mpaka nyumba nzima ikanukia Idi upya. Hamira ilipoumua, Ziada akamimina sufuriani, mkaa chini, mkaa juu ya kifuniko. Mkate ulipoanza kushika, Siti akapanga peremende nyekundu juu yake, duara zima kama ua.

Duara likabaki na pengo.

"Moja iko wapi?"

Siti akatazama dari. "Niliilamba kidogo. Ikaisha."

Ziada akaufunga mkate katika kitambaa cheupe alichokipindia mwenyewe uzi wa kijani. Nassibu akaupokea kwa mikono miwili, akambusu mwanawe utosini.

"Mwambie bibi ni mimi," Siti akamwagiza.

"Nitamwambia, mama."

Kesho yake jioni, Ziada alikuta mgeni darasani. Mwanamke mdogo, wanja machoni, kanga mpya bado inanuka duka. Mwalimu Agnes akamkalisha pembeni mwa Ziada.

"Huyu Samia hajui herufi bado, ila ana barua inamwasha moyo. Ziada, wewe mwandiko wako unasomeka. Mwandikie."

"Karibu mdogo wangu. Umetokea wapi?"

"Kilwa Kivinje, dada. Nimeolewa Shaabani. Mume wangu kanihamishia hapa Mikumbi, wiki ya tatu sasa. Kanikataza kutoka, lakini leo kasafiri tena, mimi nifanyeje, nihesabu mijusi?"

Wakacheka wote wawili. Ziada akachovya kalamu. "Haya, sema."

"Kwa mama mkwe wangu mpenzi, Bibi Mwanaima, Nyangamara. Shikamoo."

Kalamu ikasita. Ziada akajiambia kina Mwanaima ni wengi, hata Nyangamara.

"Endelea."

"Mimi ni mkweo Samia, mke wa Nassibu. Sijaja kukutazama kwa kuwa mwanao anasema kifua chako kinaambukiza. Mkate wako umefika salama. Mgonjwa kama wewe kukumbuka kunipikia, nimelia machozi."

"Mkate gani?" Ziada aliisikia sauti yake kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Huu! Nimemletea mwalimu aonje."

Samia akafungua kitambaa cheupe chenye uzi wa kijani. Mkate ulikuwa umemegwa upande mmoja tu. Upande uliobaki, peremende nyekundu zilizunguka vizuri, kisha pengo.

"Tazama, hapa alisahau moja. Mkono wa mgonjwa, maskini."

"Aliilamba mtoto," Ziada akasema.

"Mtoto gani?"

"Tumalize barua kwanza. Nitakujibu."

Akaandika. Hakuacha hata nukta. *Kitambaa chako nakirudisha na mchele kidogo, nisionekane sikufunzwa kwetu. Mungu akuponye. Mimi mkweo, Samia.* Akaupuliza wino ukauka.

"Samia, mdogo wangu. Mkate huu nimeupika mimi."

"Wewe? Kwani wewe jirani yake mama?"

"Mimi ni mke wa Nassibu. Mwaka wa saba huu."

Samia akamkodolea macho. "Aliniambia mkewe alikwishamwacha."

"Na mtoto je?"

"Mtoto?" Samia akatikisa kichwa polepole. "Dada, wallahi, hakuwahi kutaja mtoto."

Kwa habari ya mke wa pili, Ziada angeweza kulia siku tatu, kisha akanawa uso. Lakini hilo la mtoto halikuwa la kunawa. Nassibu alibeba jasho la Siti hadi Mikumbi, na jina lake akaliacha mlangoni.

Samia akafunga mkate uliobaki, akausukuma mbele ya Ziada. Juu yake akaweka furushi la mchele na barua.

"Mchele si wangu," Ziada akasema.

"Ni wa mama mkwe. Kama yupo."

Siku ya pili adhuhuri Nassibu akaingia, viatu vimejaa vumbi.

"Salaam aleikum! Mama Siti, nina njaa ya simba."

"Aleikum salaam. Mama hajambo?"

"Kidogo afadhali. Mkate ule! Kaula mpaka kalamba vidole. Kamwombea Siti dua ndefu, mimi nimechoka kuitikia amina."

"Alhamdulillahi. Nimekuwekea barua yake."

"Ya nani?"

"Ya mkwe wake. Wewe mwenyewe uliniruhusu kwenda kisomo, basi kaa nikusomee."

Akamsomea yote, tangu shikamoo hadi jina, bila kupandisha sauti. Alipomaliza akaweka mezani kitambaa cheupe, akakifungua. Nassibu akautazama mkate kama mtu aliyeona nyoka ndani ya kiatu.

"Ziada... nilitaka kukwambia. Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Ulizipata siku mbili kila wiki."

"Dini imeniruhusu, mke wangu. Sikuiba."

"Dini ilikuruhusu kuoa. Haikukuruhusu kumzulia mama yako maradhi."

"Punguza sauti, majirani!"

"Sauti sijaipandisha. Ni wewe unayeisikia kubwa." Ziada akakalia kigoda. "Nikuulize moja tu, Nassibu. Kwa nini Samia hamjui Siti?"

Nassibu akashika kofia yake, akaizungusha, akaizungusha tena.

"Niliogopa atakataa," akasema mwisho.

"Kwa hiyo ukamfuta mwanao ili upendwe."

Nje mwanamke alikuwa akitwanga. Ziada akasikiliza mchi ukipanda na kushuka mpaka moyo wake ukafuata mwendo ule.

"Kesho naenda Nyangamara na mtoto. Mchele huu nitaufikisha. Mama yako nikimkuta mzima, nitamweleza amekuwa mgonjwa wa nini miezi yote hii. Wewe ukitaka, njoo useme kweli mbele yake, mbele yangu, na mbele ya Samia. Hapo ndipo nitajua kama bado nina mume. Usipokuja, nitakuwa nimekwishajua."

"Ziada, nakuomba..."

Pazia likasogea. Siti akaingia na kopo lake kifuani; ndani yake peremende tatu za kijani zilizobaki zikagonga bati. Akamwamkia baba yake, kisha akaona mkate mezani. Akausogelea, akaweka kidole kwenye pengo, palepale alipopaacha, akainua uso.

"Baba, huu mkate ni wa bibi."