Huyu, Si Hiyo

Jumamosi asubuhi, duka la rangi la Mzee Muturi mjini Nakuru huwa halina pa kukanyaga. Mafundi wanagombania kaunta, wapagazi wanapita na mabati vichwani, na kila mtu anaapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Katikati ya vurugu hiyo Nanyama alinyoosha mkono kushusha kopo kubwa la rangi kutoka rafu ya juu, likamponyoka, likatua pu! juu ya kiatu cha mwanamume aliyesimama nyuma yake.

Duka zima likaguna. Mwanamume mwenyewe hakupepesa jicho. Alikuwa mrefu, na suruali yake ya kaki ilipigwa pasi ikanyooka utadhani anakwenda gwaride.

"Woi! Boss, haki pole! Nimekuua!" Nanyama akalia. "Vua kiatu tuone."

"Ni sawa, madam."

"Sawa aje na hiyo kopo imejaa? Kwani husikii uchungu?"

"Mguu huu hausikii kitu." Akainua suruali kidogo. Chini ya goti palikuwa na chuma na plastiki. "Wa kwanza niliuacha vitani. Ungeangushia ule mwingine, leo tungekosana."

Nanyama alitaka kulia, akajikuta anacheka. Mwanamume naye akacheka. Basi mapenzi yakaanzia hapo, kwenye harufu ya rangi na misumari, mbele ya watu waliokuwa na haraka zao.

Jina lake Kipkemoi. Alikuwa na karakana ya useremala huko Lanet, pamoja na wanajeshi wenzake waliorudi nyumbani na majeraha. Nanyama naye alikuwa katibu wa chama cha wauza samani na vifaa vya ujenzi, ambacho mwenyekiti wake alikuwa Muturi huyo huyo mwenye duka. Kila Krismasi chama kilifika Lanet na unga na mablanketi, wakapiga picha, wakaenda zao. Nanyama alikuwa amezipanga picha hizo ofisini kwa miaka bila kumtambua yule mrefu ambaye kila mara alitazama pembeni.

Sasa alimtambua vizuri. Jioni hazikupita bila simu.

"Afande wangu, umekula?"

"Nimekula, karani wangu. Leo umeangushia nani kopo?"

"Bado. Natafuta mguu yenye iko sawa."

"Mguu ulio sawa."

"Aii, Kemoi! Mimi ni mtoto wa mtaa wa Rhonda, babu alikuwa wa reli. Hizo ngeli zako peleka kwa mamako Molo."

"Mama alifundisha Kiswahili mpaka akastaafu. Atakuchapa."

"Mwambie hiyo mtu yake imepata mwenyewe!"

Kipkemoi alicheka hadi rafiki yake Sitati, aliyepoteza jicho moja kazini, akaacha kupiga randa na kutikisa kichwa. "Umekwisha, ndugu yangu," akasema. Kwa kweli alikuwa amekwisha.

Raha haikosi karaha. Mwenye banda la Lanet alitaka banda lake mwezi ukiisha, na bila banda hakuna karakana, na bila karakana wale wanaume wangerudi kukaa nyumbani kutazama kuta. Nanyama akamkabili mwenyekiti. "Mzee, hawa watu wamechoka na unga. Wanataka kazi. Chama kizima ni watu wa mbao na misumari, si tuwashike mkono kwa hiyo?" Muturi akakuna kidevu, akasema wanachama wataamua kwenye mkutano wa Jumamosi, mbele ya wageni. Kipkemoi atakaa meza ya mbele, azungumze kwa niaba ya wenzake.

Ijumaa mchana Kipkemoi akaja ofisini bila kubisha hodi, na kwapani kigoda kizuri alichomtengenezea mpenzi wake. Alitaka kumshtua. Nanyama alikuwa amempa mlango mgongo, simu sikioni.

"Hapana, Mzee Muturi. Hiyo haiwezi kaa mbele. Mguu moja imeisha kabisa, wageni watatuchekelea... Najua imetumikia watu miaka mingi, mimi pia naihurumia. Lakini tuifiche nyuma ya pazia, tuweke ingine yenye iko sawa."

Kipkemoi aliyasikia yote. Akakiweka kigoda chini taratibu, akageuka, akaondoka. Kwa risasi alikuwa hajawahi kulia. Siku hiyo alilia.

Jioni simu yake haikupatikana. Nanyama alipiga mpaka betri ikafa. Alipofunga ofisi alikuwa amekikuta kigoda mlangoni, akaelewa kwamba alikuja, asielewe kwa nini aliondoka. Jumamosi ukumbi ukaanza kujaa na kiti cha Kipkemoi kikabaki kitupu. Nanyama hakungoja aambiwe. Akiwa na gauni lake la kitenge cha kijani na viatu vyekundu vya kisigino, akarukia bodaboda mpaka Lanet.

Alimkuta karakanani na fulana kuukuu, anafunga vyombo sandukuni.

"Kemoi! Watu wamejaa, na wewe uko hapa? Nimekukosea nini?"

"Nenda ukae na yule aliye sawa."

"Nani?"

"Yule wa kuwekwa mbele. Mimi si nifichwe nyuma ya pazia? Nilikusikia, Nanyama. Mguu mmoja umekwisha, ametumikia watu, unamhurumia." Akatupia patasi sandukuni. "Hata huyo hukuniita. Uliniita hiyo."

Nanyama alimtazama. Kisha, Mungu amsamehe, akaangua kicheko hadi akashika ukuta.

"Unacheka?"

"Kemoi, ilikuwa meza! Meza ya mwenyekiti! Ile ya zamani, mchwa imekula mguu!"

"Meza?"

"Meza! Na mtu akisema hiyo meza, mwalimu wa Molo anasema amekosea?"

Kipkemoi aliirudia sentensi hiyo moyoni. Hapakuwa na kosa. Katika kila alilowahi kulisema Nanyama, hiyo ndiyo ngeli aliyoipata.

"Lakini wewe hata watu huwaita hiyo," akanung'unika.

"Hiyo ni makosa yangu, nitajifunza. Yako ni kudhani naweza kukuficha." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Mimi nikuonee aibu? Mimi nakupenda, afande. Vaa shati."

Sitati alikuwa ameshalileta, limepigwa pasi. Kwa mkono mwingine alibeba mfuko wa vyombo na miguu ya meza waliyoikereza ili kuwaonyesha wageni.

Waliingia ukumbini Muturi akiwa anaomba radhi kwa wageni. Kipkemoi hakwenda kwenye kiti chake. Alipita moja kwa moja hadi nyuma ya pazia, akaikokota ile meza mbele ya watu, ikiyumba kama mlevi.

"Mabibi na mabwana," akasema, "jana hii meza ilinivunja moyo. Niruhusuni nimalizane nayo."

Watu wakacheka. Akapiga goti lile lililo zima, akaunyoosha mguu wa chuma kando. Akaukata mguu mbovu, akachagua mmoja kati ya ile ya Sitati, akachonga, akapaka gundi, akagongea misumari. Hakuhutubia. Ukumbi mzima ulisikiliza nyundo. Alipomaliza akaisimamisha meza na kumgeukia Muturi, mtu wa kilo zake.

"Panda, mzee."

"Mimi? Na hiki kitambi?"

"Panda!" ukumbi ukaitikia.

Muturi akapanda. Meza haikulia hata kidogo. Juu yake mwenyekiti akatazama wanachama wake.

"Miaka yote tumewapelekea hawa mablanketi," akasema. "Kumbe tulikuwa tunawafunika. Ghala langu la nyuma ni karakana yao kuanzia leo. Nani mwingine?"

Mikono ikapanda kila upande. Mwenye yadi ya mbao akatoa mbao. Mwenye lori akatoa lori. Mama mmoja mwenye duka la samani karibu na mtaa wa Milimani akasema dirisha lake la mbele, si la nyuma, litakuwa lao. Sitati alikuwa anafuta lile jicho lake moja na kusema ni vumbi la mbao.

Kipkemoi akamtafuta Nanyama katikati ya shangwe, akamshika mkono mbele ya wote. "Mwenyekiti, kabla hujashuka. Nina ombi moja, si la karakana. Ni la huyu."

"La nani?" Muturi akauliza, ingawa alimwona.

"Huyu. Nataka kumwoa, akikubali."

"Nakubali!" Nanyama akapaza sauti. "Na mimi nataka hiyo..." Akajikwaa, akacheka na kulia pamoja. "Nataka huyu! Huyu!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Muturi akapiga makofi akiwa bado juu ya meza, na meza ikatulia tuli. "Basi chama kitawapa samani za nyumba nzima!"

"Asante, mzee," Kipkemoi akasema, mkono wa Nanyama ungali mkononi mwake. "Tupeni mbao. Nitatengeneza mwenyewe."