Ukili wa Mikono Miwili

Kila alfajiri mpunga unapokomaa, Bi Mwanaharusi wa Mohoro huswali, hujifunga kanga kiunoni, huchukua teo lake la kurushia mawe na kwenda shambani kufukuza ndege. Hushinda huko juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa miti mirefu, mpaka jua lizame. Binti yake Salama, mwanafunzi wa darasa la sita, hufagia uwanja na kuosha vyombo kabla ya kwenda shule.

Jumapili moja mama alimwagiza, "Salama, unyevu wa mafuriko haujatoka ndani. Toa vitu vya sanduku langu la bati uvianike. Jua likipungua, urudishe kila kitu mahali pake."

"Ndiyo, Mama."

Salama alitandika jamvi uani, akafungua sanduku. Alitoa sketi ya kijani ya shule ya sekondari ya bweni, picha ya wasichana wawili walioshikana mikono, na vikaratasi vilivyokunjwa. Chini kabisa palikuwa na ukili, ule ukanda wa majani ya ukindu uliosukwa, ambao ukishonwa ubavu kwa ubavu huwa mkeka. Ulikuwa mrefu, umeviringishwa vizuri. Ncha yake moja haikumalizwa. Chane, vile vipande vyembamba vya ukindu vya kusukia, zilitokeza kama vidole vya mkono ulio wazi.

Alikunjua kikaratasi cha kwanza. "Mwanaharusi, nimefika hapa, sasa zamu yako. Usikaze kama unafunga mbuzi. Habiba." Cha pili kilikuwa cha mwandiko wa mama yake. "Afadhali mimi ninayekaza. Wewe unasuka kama mtu anayesinzia. Tukikutana ukubwani tutaumalizia pamoja, uwe mkeka wetu wa uzeeni."

Salama alicheka. Hakuwahi kufikiri kwamba mama yake naye alikuwa msichana mwenye utani.

Mara akakumbuka kwamba kesho yake Mwalimu Salima angekagua kazi za mikono, na kila mwanafunzi alitakiwa kupeleka ukili aliousuka mwenyewe. Jioni zake zote Salama alizimaliza katika mchezo wa rede. Ukili wake haukuzidi shibiri. Mvivu hatafuti kazi, hutafuta njia ya mkato. Salama alichukua kisu, akazikata zile chane zilizotokeza, akaifunga ncha kwa uzi ili ionekane imekamilika, kisha akautia ukili wa mama yake katika mkoba wa shule.

Siku ya Jumatatu Mwalimu Salima aliupitisha ukili ule vidoleni polepole.

"Ni kazi nzuri," alisema. "Lakini ukili huu una mikono miwili. Hapa umekazwa, hapa umelegea. Ulisaidiwa na nani?"

"Sikusaidiwa, Mwalimu. Hapo palipolegea nilikuwa nimechoka."

Ukasha, aliyeketi nyuma yake, alinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Salama huyu huyu wa rede? Basi aliusukia uwanjani, mpira ukiwa hewani."

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alimtazama Salama, kisha akasema, "Vema. Kesho tutaukata vipande, tushone vikapu vya maonyesho."

Akaufungia ukili kabatini.

Baada ya masomo alimpelekea mama yake chakula shambani. Alimkuta juu ya dungu, uso umemkunjuka.

"Panda, mwanangu. Leo Habiba amenipigia simu kutoka Ngarambe. Ijumaa anakuja. Tangu tumalize shule hatujaonana. Kila mmoja aliolewa upande wake. Kitu cha kwanza alichouliza ni ukili wetu."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu kwamba upo, nimeutunza."

Salama angeweza kunyamaza. Mama angedhani umeliwa na panya au umeharibiwa na maji. Uongo huo ulikuwa tayari ulimini. Lakini kesho ingekuja na mkasi, na hakuna panya ambaye angelaumiwa kwa hilo.

"Mama, ukili haupo sandukuni. Niliupeleka shule nikasema ni wangu. Ncha nimeikata. Na kesho utakatwa vipande."

Teo lilimponyoka mama mkononi. Ndege walitua mpungani, wasifukuzwe na mtu.

"Ulisema ni wako mbele ya nani?"

"Mbele ya Mwalimu na darasa zima."

"Basi kesho utasema kweli mbele ya Mwalimu na darasa zima. Mimi sitakwenda kukusemea. Mdomo uliosema uongo ndio utakaoufuta."

Asubuhi Salama alisimama kabla mkasi haujatolewa, akaeleza yote bila kujitetea. Ukasha alifungua kinywa, lakini Mwalimu aliinua kidole, naye akakifunga.

"Nilijua tangu jana," alisema Mwalimu Salima. "Nilikuwa nakungoja wewe. Alama yako ni sifuri. Chukua ukili wa mama yako, na Jumatatu ijayo ulete wa kwako, hata ukiwa mfupi."

Ijumaa baada ya swala Bi Habiba aliwasili. Yeye na Bi Mwanaharusi walikumbatiana. Alipoukunjua ukili, aliiona ile ncha.

"Nani amemnyonga huyu?"

"Shikamoo, Mama Mdogo. Ni mimi."

"Marahaba. Lete ukindu, ukae hapa."

Bi Habiba aliufungua uzi, akafumua sehemu iliyoharibika, kisha akamfundisha kupachika chane mpya chini ya zile za zamani. Salama alisuka mpaka vidole vikamwuma.

"Unakaza mno," alisema mama yake.

"Amerithi kwako, mfunga mbuzi," alijibu Bi Habiba, nao wakacheka kama wale wasichana wa kwenye picha.

Kisha Bi Mwanaharusi akawa makini. "Salama, pavute hapo palipoungwa."

Salama alivuta. Pakashika.

"Pameshika kwa sababu tulifumua kwanza palipoharibika. Tungeuacha uzi wako ufiche kasoro, mkeka wote ungefumuka. Mtu aliyekosa naye ni hivyo. Hufumua kosa lake kwa kusema kweli, kisha husuka upya kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Ukishika hayo, watu watakuamini tena, nami nitakuwa wa kwanza."

Jumatatu Salama alipeleka ukili wake, mfupi na wenye kukazwa mno. Mwalimu Salima aliupitisha vidoleni kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mkono mmoja," alisema, akaandika alama.